Miti ya Kijitoni

Mwanangu Zuhura,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, kwa hiyo sizianzi hapa. Na mambo ya kufunga mlango kwa komeo, ya kutonunua kila kinachopitishwa dirishani basi likisimama, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema mara nyingi kiasi kwamba hata mimi nisiyesafiri nimeyashika. Sasa hivi yuko chumbani anakufungia mchele, huku akisema mchele wa huko Kigoma si kama wa kwetu, utadhani aliwahi kufika. Mimi nimetoka na kiti changu, nimekaa huku nyuma ya jiko ambako bado kuna mwanga wa jua, miguu nimeinyoosha juu ya gogo kwa ajili ya magoti.

Jana uliniuliza kitu nikakujibu vibaya. Ulisema, "Baba, mbona shangazi Mwanahawa hajaja kuniaga?" Nikasema ana kazi. Ukanitazama kidogo, kisha ukaendelea kukunja nguo. Mama yako alikwishakufundisha kwamba nikisema uongo nashika ndevu, na jana nilizishika. Barua hii ndiyo jibu la swali lako, na ndani yake na mimi nina swali la kukuuliza. Linahusu miti ya kijitoni, ile mikarafuu na mikangazi ambayo tangu uko darasa la tatu umeambiwa ni yako. Mtu aliyechoka, hata kuandika huandika kwa kuzunguka, lakini nitalifikia.

Wewe umesoma, na unakwenda kufanya kazi ya kurudisha misitu pamoja na wanavijiji, kwa hiyo habari za ardhi unazijua kwa namna ya darasani. Niruhusu nizieleze kwa namna ya nyumbani. Kwetu ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na lukolo hufuata tumbo la mama. Shamba lako wewe liko kwa mama yako, kule juu kwenye mawe, ambako hata mihogo inaota kwa kunung'unika. Mashamba ya upande wangu, yaani ya mama yangu, yakishatoka mikononi mwangu hayaji kwako. Yanakwenda kwa watoto wa dada yangu. Ndivyo tulivyokuta, na sidhani kama kuna baba wa Kiluguru ambaye hajawahi kulifikiria hilo akakosa usingizi.

Shamba la kijitoni bibi yako alimpa Mwanahawa. Alimpa mbele yangu, nikiwa nimeshika jembe. Akasema, "Hapa ni pa mdogo wako. Wewe utaoa, na mkeo ana kwao." Nikasema sawa, mama. Mwanahawa akalima magimbi pale penye maji, mahindi na maharage pembeni, na mashina machache ya migomba. Alikuwa na mkono mzuri wa maharage kuliko mtu yeyote mlimani huku, na hakuwahi kutuacha tule ugali mkavu bila kutuletea.

Jambo jingine unalijua, lakini naliandika kwa sababu ndilo lililotuangusha. Kwetu mti si mmea tu. Ukimwazima mtu shamba, anakuletea ngoto yake ya mwaka, kuku au kitu kingine kidogo cha heshima, nawe unamwambia lima mahindi, lima mpunga, lima chochote kinachokwisha na msimu wake. Mti usipande. Aliyepanda mti amedai ardhi, hata kama hakusema neno. Mtoto anayechunga mbuzi anajua hilo.

Mradi wa kupanda miti ulipokuja haukulijua. Mimi nilikuwa nalijua, na nikanyamaza.

Walikuja baada ya ule ukame ambao kijito kilibaki uzi, wanawake wakawa wanakinga maji kwa kikombe hadi jua linapanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulikuwa tayari kupona. Mkutano uliitishwa Ijumaa baada ya swala, pale uwanjani nyuma ya msikiti, kwa sababu ndipo watu wanapopatikana. Wanapatikana wanaume. Wanawake siku ile walikuwa mashambani wanapalilia. Kwa hiyo walioitwa jamii tulikuwa sisi, wanaume wenye kofia, wengi wetu tukilima mashamba ya wake zetu. Tulikunywa soda, tukapewa posho, tukachagua kamati ya mazingira. Mimi nikawa mwenyekiti kwa sababu nina sauti kubwa na napenda kujisikiliza nikiongea. Mama yako atakuthibitishia.

Ofisa wa mradi alikuwa kijana wa kutoka Kagera, Bwana Elia, mpole, amevaa viatu ambavyo mlima huu ulivimaliza kabla ya mwezi. Akaeleza vizuri kwamba miti ikirudi kuzunguka chanzo, maji yatarudi. Kisha akauliza nani ana shamba karibu na chanzo, yuko tayari litumike kuanzia. Watu wakatazama miguu yao, maana hakuna aliyekuwa na shamba la kutoa. Mimi nikasimama nikasema, "La kijitoni natoa mimi."

Ningependa kukuambia kwamba wakati nasimama nilikuwa nawaza maji. Nilikuwa nakuwaza wewe. Bwana Elia alikuwa ameshasema kwamba pamoja na mikangazi na mizambarau wangetoa miche ya mikarafuu, ili watu wapate cha kuuza wakati misitu inakua. Nikajiambia: mahindi ya Mwanahawa yanakwisha na msimu, lakini mkarafuu utanizika na utabaki. Nikipanda mimi, ni wangu. Ukiwa wangu, nitautamka kuwa wa Zuhura, na lukolo itakuja kunidai nikiwa kaburini. Niliwaza yote hayo kwa muda wa kuinuka kwenye jamvi. Mtu akitaka kukosea huwa ana akili nyepesi sana.

Bwana Elia aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunatembea kulitazama shamba. "Mwenyekiti, hapa ni pa nani hasa?" Nikamwambia ni pa familia. Akaridhika. Alikuwa na vijiji vingine vya kufika kabla jua halijazama, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji wake, angenibishia kwa lipi? Simlaumu. Ila wewe huko uendako, ukiambiwa pa familia, usiondoke. Omba maji ya kunywa. Subiri waliokujibu waende zao, kisha muulize yule aliyekuletea maji.

Shangazi yako nilimwambia wakati mashimo yameshachimbwa. Alikuwa anapalilia. Nilimkuta ameinama, nikaongea na mgongo wake. Nikamweleza habari za chanzo, za mradi, za faida ya kijiji kizima. Akainuka, akajifuta uso kwa kanga.

"Kaka, na mahindi yangu?"

"Haya utavuna kwanza."

"Nikishavuna?"

"Mradi utaangalia namna."

"Haya," akasema.

"Haya" ya namna ile unaijua, hata mama yako anayo. Maana yake mazungumzo yamekwisha na hujashinda. Niliisikia vizuri, nikaendelea kueleza faida.

Jioni ile mama yako alinitengea ugali, akakaa mbele yangu bila kula. "Baba Zuhura," akasema, "hiyo miti itazaa maneno kabla haijazaa karafuu." Nikamwambia asiingilie mambo ya ukoo usio wake. Hakuingilia tena. Nawe ukija kuolewa, mume akakujibu hivyo, mwachie na vyombo aoshe.

Siku ya kupanda unaikumbuka wewe mwenyewe. Fulana za kijani, ngoma, wageni waliokuja kwa magari mpaka barabara ilipoishia. Ulipanda mkangazi wako kwa mikono yako, mgeni mmoja akakupiga picha, na ukarudi nyumbani unasema una mti. Kuna kitu hukukiona kwa sababu ulikuwa mdogo. Pilau waliyokula wageni ilipikwa na shangazi yako. Nani mwingine angepika? Alikuwa dada wa mwenyekiti. Alipika, akapakua, akaosha masufuria pale pale kijitoni, hatua chache kutoka kwenye magimbi yake yaliyong'olewa kupisha mashimo.

Haikuwa kwetu tu. Mradi uligawa miche kwa kila aliyeonekana analima, na kwa kuwa nusu ya kijiji inalima mashamba ya kuazima, watu wakaenda kupanda mikangazi kwenye ardhi za wenyewe. Unaweza kukisia. Asubuhi moja nafungua mlango nakuta miche imepangwa kizingitini, imefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba, mizizi imefunikwa udongo mbichi isikauke. Hakuna hata tawi lililovunjwa. Wenye mashamba walikuwa wameing'oa kwa adabu na kumrudishia mwenyekiti. Niliitazama muda mrefu. Ule ulikuwa ujumbe wa wazi kabisa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuufikisha.

Bwana Elia alipokuja akaona mashamba yana mashimo matupu, akaniuliza kumetokea nini. Nikasema mbuzi. Funika kombe mwanaharamu apite. Akaandika mbuzi. Msimu uliofuata wakatuletea semina ya kuzuia mbuzi, watu wakakaa kuanzia asubuhi wanafundishwa kujenga uzio, wamenyamaza kabisa, na wengine hawajawahi kufuga hata kuku. Huwa nacheka nikikumbuka, halafu kicheko kinaishia njiani. Laiti ningesema siku ile, tungekaa na wenye mashamba, wakakubaliana na wanaoazima, mti wa nani, kivuli cha nani, mavuno ya nani. Walikuwa tayari kwa mazungumzo hayo. Mtu asiyetaka kuongea hakufungii miche kwa kamba ya mgomba.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mwanahawa alivuna mahindi yake ya mwisho kijitoni. Msimu uliofuata hakuwa na mahali. Aliniambia mara moja, nikamwambia avumilie, nimeongea na mradi. Sikuwa nimeongea na mtu. Akapanda juu, kule kwenye mpaka wa hifadhi, akafyeka kipande ndani ya msitu wenyewe, kwenye mteremko ambao mbuzi wa semina angeteleza. Alifanya kazi hiyo yeye na Idi, mwanawe. Moshi tuliuona kijijini, kila mtu akajifanya ni ukungu, na mimi mwenyekiti wa mazingira nilikuwa wa kwanza kuuita ukungu.

Walinzi wa hifadhi walimkamata kwenye maharage yake. Wakamteremsha mpaka ofisi ya kijiji, na kwa utaratibu mwenyekiti wa kamati lazima awepo. Nikaitwa. Niliingia nikakuta meza, walinzi upande mmoja, kiti changu pembeni yao, na ng'ambo ya meza amesimama mdogo wangu, miguu ina matope mpaka magotini. Panga lake na jembe lake vimewekwa mezani.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikaitikia marahaba, nikakaa. Mlinzi mmoja, si mtu mbaya, akamuuliza, "Mama, mpaka uliuona, alama nyekundu uliziona. Kwa nini unalima hifadhini? Shamba huna?"

Mwanahawa akanitazama. Alikuwa na kila sababu ya kulitaja jina langu, na lilikuwa limekaa pale pale mbele yake. Akasema, "Shamba limepandwa miti."

"Na nani?"

"Na mradi," akasema.

Alinisitiri, Zuhura. Mimi niliyekuwa nimeketi upande wa walinzi nilisitiriwa na mtu aliyesimama upande wa kosa, na nikakubali kusitiriwa. Nilikaa nikitazama panga lake. Faini alilipa Idi. Aliacha masomo akateremka Mtibwa kukata miwa, na mpaka leo yuko huko kwenye miwa, ana mke huko na mgongo unaomuuma. Maharage ya juu yakaachwa. Mvua zilizofuata zikachukua udongo wa kile kipande chote, likabaki korongo ambalo unaliona kutoka hapa nilipokaa.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumekifanya. Tulipanda msitu chini, tukaukata juu. Taarifa ya mradi ilionyesha wa chini tu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na barabara. Na usije ukadhani nasema miti haikufaa. Ilifaa. Kijito kimerudi, kiangazi hiki unakinga ndoo kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Mizambarau imefunga kivuli, ndege wamerudi ambao sikuwaona tangu utoto. Wageni bado wanaletwa kuona. Nilipewa cheti, mama yako akakitundika sebuleni, halafu siku moja nikakuta amekigeuza kinatazama ukuta. Kiko hivyo mpaka leo, nawe ulidhani upepo.

Na mikarafuu ikazaa. Hili lazima ulijue kwa sababu ni lako pia. Karafuu za kijitoni ndizo zilizokusomesha. Sare, bweni, chuo, ile simu uliyoililia, vyote vilitoka pale. Kila msimu tulianika karafuu hapa uani, harufu ikishuka na upepo mpaka kwa shangazi yako. Idi akirudi kutoka kwenye miwa msimu wa karafuu alikuwa anakuja kuchuma kwa kibarua. Ulikuwa unamshikia ngazi, mnataniana. Alikuwa kibarua kwenye shamba la bibi yake mwenyewe. Na mama yake sasa analima bondeni, ardhi ya ukoo wa watu, kila mwaka anabeba kuku kwenda kutoa ngoto ili aruhusiwe kupanda mahindi. Mti haruhusiwi.

Tangu wakati ule mimi na yeye tunakutana misibani. Tunasalimiana vizuri sana. Salamu za watu wasiokosana huwa fupi kuliko zetu.

Nimechoka, mwanangu. Kazi ya shamba haikunichosha hivi, nimeizoea. Kinachochosha ni kupita njia ndefu ili usipite mlangoni kwa mtu. Ni kuitwa Mwenyekiti na kila kijana, na kila ukiitwa unasikia sauti moja ya mle ofisini. Ulipopata kazi hii ulikuwa unafanya mazoezi ya usaili barazani, unatembea huku na huku unasema, "Jamii ishirikishwe tangu hatua ya awali." Mama yako anapiga makofi. Mimi niliinuka nikaenda kutazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Baada ya swali lako la jana sikulala vizuri. Leo asubuhi, ulipokwenda kwa fundi kuchukua viatu, nilikwenda kwa Mwanahawa. Nilipita njia fupi. Nikapiga hodi, akaitikia karibu, akanisogezea kigoda. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuacha. Nikamwambia nimekuja kurudisha shamba la kijitoni.

"Shamba," akasema. "Na miti?"

"Na miti."

"Si uliiita ya Zuhura?"

"Ilikuwa."

Akachambua kidogo. "Zuhura anasemaje?"

Sikuwa nimekuuliza. Nilikuwa nimeamka nimeamua, nikavaa kofia, nikaenda. Shangazi yako akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini sikuwa nimemsikia akicheka mbele yangu tangu wewe uko shule ya msingi.

"Hujabadilika, kaka," akasema. "Safari ile uligawa changu mimi sipo. Leo unagawa cha mtoto, naye hayupo."

"Ni mwanangu, Mwanahawa."

"Na mimi nilikuwa mdogo wako."

Kuku wake mmoja akaja akadonoa maharage kwenye ungo, hakumfukuza. Nikamuuliza mbona hajaja kukuaga. Akasema, "Nije nimwambie nini? Nikimtakia heri kwenye kazi hiyo nitakuwa mnafiki. Nisipomtakia nitaitwa mchawi. Bora nikae na maharage yangu." Kisha, nilipokuwa nimeshainuka, akasema tena, kwa sauti ya chini, "Mtoto sina neno naye. Alipanda mti kwa sababu aliambiwa apande."

Hayo ndiyo niliyokuja nayo nyumbani, na ndiyo maana umeniona leo siongei. Umri wote huu, semina zote zile, na niliyemkosea amenishika nikikosea vile vile, tena mara hii kwa nia njema. Nia njema nilikuwa nayo hata siku ile ya soda, ukiacha ile iliyokuwa chini yake.

Basi swali langu ni hili, na naliuliza kabla sijaamua chochote.

Miti ya kijitoni niliipanda mimi nikaitamka yako, na ulikua ukijua ni yako. Ardhi iliyo chini yake ni ya shangazi yako, na itakuwa ya Idi na dada zake. Je, unakubali nirudishe vyote, miti na ardhi, mbele ya ukoo, msimu huu kabla karafuu hazijachumwa? Ukikubali, hutakuwa na kitu upande wangu. Utabaki na yale mawe ya mama yako na mshahara wako, na mimi na mama yako tutakutegemea mapema kuliko tulivyopanga. Nakuambia wazi ili usije ukaniambia nilikuficha.

Ukikataa, sitakasirika. Umezikulia karafuu zile, mkangazi ule umeupanda kwa mkono wako, una haki ya kuupenda. Huenda wewe na shangazi yako mna njia ya tatu ambayo mimi siwezi kuiona, kama zile ambazo wenye mashamba wangezipata na wanaoazima, laiti nisingewataja mbuzi. Naye ana la kusema, hajaulizwa miaka yote hii, na sitaki nikusemee wewe wala nimsemee yeye. Hii kazi ya kusemea watu nimeifanya vya kutosha.

Sitakuhusia mengi juu ya kazi yako. Utakutana huko na mtu mwenye sauti kubwa atakayesimama wa kwanza mkutanoni na kutoa shamba. Utampenda, maana atakurahisishia kazi. Atakuwa mcheshi, atakualika kwake, mkewe atakupikia. Siku hiyo unikumbuke mimi baba yako, nami nitakuwa nimekusaidia kidogo.

Jua limefika kwenye mlima, sasa naandika kwa kukisia mistari. Mama yako ananiita nije nifunge begi, anasema zipu imegoma, nadhani ni mchele. Barua hii nitakupa usiku ukimaliza kula, uisome ukiwa peke yako, na usinijibu mbele ya watu.

Noah ya abiria itakuja kukuchukua alfajiri kukupeleka stendi ya Msamvu. Kabla ya kuteremka Mkuyuni itapita mlangoni kwa shangazi yako, na wakati huo huwa ameshaamka, anawasha moto. Nilitaka kumwambia dereva asimame pale. Nilikwishachukua simu kabisa, nikairudisha mfukoni. Hilo nalo utaamua wewe.

Baba yako.